Somo la 9: Shalumu na Binti Zake

SABATO MCHANA

Masomo ya juma hili: Nehemia 3:1-12, Zekaria 8:4, 5, Yoshua 15:16-19, Waamuzi 11:30-40, Luka 8:40-56, Kutoka 20:8-11, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Malaki 4:5, 6.

Fungu la kukariri: Nehemia 3:12. Lisome katika Biblia yako, kisha likariri pamoja na mtoto mmoja wa nyumbani mwako.

Mwaka 1903 wamisionari wawili waliotumwa kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda Milima ya Upare na kuanzisha kituo huko Mamba Giti. Hapo ndipo kazi ya Waadventista wa Sabato ilipoanzia katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Tangu wakati ule, katika nyumba nyingi za wilaya ya Same, imani imetoka kwa babu ikaenda kwa baba, ikatoka kwa baba ikaenda kwa mtoto. Lakini imani hairithiwi kama shamba la migomba. Hupita katika mfereji wa uhusiano. Mfereji ukijaa tope, maji hayafiki shambani hata kama chemchemi ingali inabubujika.

Juma hili tutatembea na baba mmoja wa mfano. Anaishi katika kijiji cha milimani, juu ya mji wa Same. Ni shemasi, analima tangawizi, na ana mabinti wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 10. Wote wanapenda netiboli. Baba huyu anawapenda binti zake. Ananunua sare na madaftari, na kila jioni anaongoza ibada ya familia. Lakini hajawahi kuwatazama wakicheza hata mara moja. Nao hawajamwomba aje, kwa maana wanadhani wanalijua jibu lake.

Je, mlango kati ya baba na binti hufunguliwa na nini? Na kwa nini ni vema ukafunguliwa mapema, kabla ya siku ya kujaribiwa?

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Msaragambo wa Yerusalemu

Soma Nehemia 3:1-12. Ni watu wa namna gani walioujenga ukuta? Ni jambo gani la pekee linalotajwa katika aya ya 12?

Mpare hahitaji kuelezwa sana sura hii, kwa sababu anaujua msaragambo. Siku ya kusafisha mfereji au kutengeneza ndiva, watu hutoka kwa pamoja, na kila mmoja hushika sehemu yake. Ndivyo ilivyokuwa Yerusalemu. Makuhani walijenga, wafua dhahabu walijenga, na watengenezaji wa manukato walijenga. Wakuu wa Tekoa ndio waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo.

Katikati ya orodha hiyo ndefu ya wanaume, Nehemia anamtaja Shalumu, mtawala wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, na pamoja naye binti zake. Biblia haituelezi walikuwa wangapi, wala kama walibeba mawe au walichanganya udongo. Inasema tu kwamba walikuwa pale pamoja na baba yao. Mtu wa cheo kama chake angeweza kuwatuma watumishi. Angeweza pia kuwaacha binti zake nyumbani na kuwasimulia jioni jinsi kazi ilivyokwenda. Badala yake, sehemu ile ya ukuta ikawa yao wote.

Mazungumzo mengi ya maana huja wakati watu wanafanya jambo pamoja. Baba anayemkalisha binti yake kitini na kusema, "Haya, nieleze mambo yako," hupata majibu mafupi. Baba anayepalilia pamoja naye huambiwa mambo ambayo hakuyauliza. Tena mtoto naye ana sehemu yake ya ukuta, ambayo mara nyingi mtu mzima huiona kuwa mchezo tu.

Baba yetu wa mfano alipita kando ya uwanja wa shule Jumatano moja, akitoka shambani na jembe begani. Uwanja ule ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima, na mpira ukitoka nje huviringika hadi kwenye migomba bondeni. Siku ile ulitoka, ukampita miguuni. Aliteremka kuufuata. Aliporudi akihema, binti yake mdogo alimtazama kwa mshangao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Chukueni mpira wenu."

Jumatano iliyofuata alipita tena. Safari hii hakuwa na jembe.

Watoto wako wanajenga "sehemu" gani ya ukuta ambayo wewe hujawahi kuifikia?

JUMATATU
Njia Zilizojaa Watoto

Soma Zekaria 8:4, 5. Mungu anatumia picha gani kuonesha kwamba amani imerudi Yerusalemu?

Watu waliotoka uhamishoni waliuona mji wenye magofu. Mungu alipotaka kuwaonesha jinsi urejesho utakavyokuwa, aliwaonesha wazee wa kiume na wa kike wameketi na fimbo zao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Nabii hakuwasahau wasichana. Furaha yao ni mojawapo ya dalili kwamba Bwana yumo mjini.

Katika nyumba nyingi, mvulana akitoka shuleni huenda uwanjani, na msichana huenda kuchota maji, kutafuta kuni na kubeba mdogo wake mgongoni. Kazi ni baraka, na binti asiyejua kazi hajalelewa vema. Lakini kazi ikimwangukia mtoto mmoja tu, na mchezo ukawa haki ya mwingine, picha ya Zekaria haijakamilika katika nyumba hiyo.

Hata hivyo, wazazi Waadventista wamekuwa na tahadhari juu ya michezo, na tahadhari hiyo ina msingi. Ellen G. White hakulaumu mazoezi rahisi ya kucheza mpira. Alionya juu ya kupita kiasi, na juu ya michezo inayochukua moyo wote na kuamsha majivuno na ukatili. Paulo naye anakubali kwamba kuufanyia mwili mazoezi kuna faida, ila anaiweka faida hiyo chini ya ile ya utauwa (1 Timotheo 4:8). Tena anakemea kujitafutia utukufu usio na maana na kuchokozana (Wagalatia 5:26).

Sasa, ni nani atakayemfundisha binti tofauti hiyo? Mwezi Oktoba 2022, timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Habari za namna hiyo hufika milimani kwa redio na kwa simu. Binti anayezisikia anahitaji mtu wa kuzungumza naye: Ushindi una thamani gani? Unaishia wapi? Baba ambaye hajawahi kusimama kando ya uwanja anaweza kutoa onyo. Baba aliyesimama pale anaweza kutoa onyo likasikika.

Mchezo wenyewe una somo. Katika netiboli, mwenye mpira haruhusiwi kutembea nao, wala kuushika zaidi ya sekunde 3. Ni lazima ampe mwenzake. Baba anayetazama anaweza kulitumia jambo hilo katika ibada ya jioni, na mabinti wataelewa mara moja anasema nini juu ya vipawa ambavyo Mungu ametupa.

Ni dalili gani zinazoonesha kwamba mchezo umeacha kuwa burudani na umekuwa sanamu? Je, dalili hizo huonekana kwa mtoto peke yake, au hata kwa mzazi?

JUMANNE
"Unataka Nini?"

Soma Yoshua 15:16-19. Kalebu alimfanyia nini binti yake kabla ya kumpa zawadi?

Aksa, binti Kalebu, alikuwa amepewa nchi, lakini ilikuwa nchi kavu ya kusini. Alipofika kwa baba yake na kushuka katika punda wake, Kalebu hakusubiri hotuba. Alimwuliza anataka nini. Aksa akaomba chemchemi za maji, na baba yake akampa za juu na za chini.

Anayeishi wilaya ya Same anajua uzito wa ombi hilo. Tambarare za chini ni kavu, na juu milimani watu wamejifunza tangu zamani kuyakusanya maji katika ndiva, kisha kuyagawa shambani kwa zamu. Shamba lisilo na maji ni zawadi nusu. Kalebu alikuwa ametoa kitu kizuri, lakini hakikutosha. Aliweza kuligundua hilo kwa sababu alikuwa baba ambaye binti yake alithubutu kumwendea, naye akamwuliza.

Akina baba wengi hutoa kwa ukarimu bila kuuliza. Baba yetu wa mfano, baada ya kufika uwanjani mara tatu, aliwaza kuuza debe moja la tangawizi amnunulie binti yake mkubwa raba mpya. Lilikuwa wazo jema. Lakini jioni moja, walipokuwa wakirudi nyumbani, aliuliza kwanza:

"Mama, pale uwanjani unahitaji nini?"

Binti alinyamaza kidogo. "Uwe unasimama pale kwenye mkaratusi, baba. Ila usipige kelele."

Raba zingeweza kungoja. Binti alitaka baba yake awepo, asimtie aibu mbele ya wenzake. Gharama yake ilikuwa alasiri moja kwa juma.

Lakini kumbuka kwamba Kalebu alitoa chemchemi za juu na za chini. Nyumba ya mfano ina binti wa pili. Mkubwa ni mrefu, naye huvaa fulana ya mfungaji. Mdogo hajachaguliwa katika timu, na kazi yake ni kubeba dumu la maji ya kunywa. Ni rahisi kwa baba kumsindikiza mtoto anayeshangiliwa. Inahitaji neema kuuliza swali lile lile la Kalebu kwa mtoto ambaye jina lake halitajwi na mtu. Alasiri nyingine baba alibeba lile dumu pamoja na mdogo kutoka kwenye bomba, naye akazungumza njia nzima.

Mwulize mtoto mmoja leo: "Unahitaji nini kutoka kwangu?" Uwe tayari kusikia jibu ambalo hukulitarajia.

JUMATANO
Baba Wawili

Soma Waamuzi 11:30-40 na Luka 8:40-56. Yeftha na Yairo wanafanana katika nini? Wanatofautiana katika nini?

Kila mmoja wao alikuwa na binti wa pekee. Kila mmoja alikuwa mtu mkubwa: Yeftha alikuwa kiongozi wa vita, na Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi. Lakini hadithi zao zinakwenda njia mbili.

Yeftha aliweka nadhiri iliyomgusa mtoto wake, na binti hakuwepo wala hakuulizwa. Aliporudi nyumbani, binti yake alitoka kumlaki kwa matari na michezo. Angalia picha hiyo kwa makini. Mtoto anatoka mbio, anacheza, amejaa furaha kwa sababu ya baba yake, naye baba anamlaki kwa kilio. Hata neno lake la kwanza linamlaumu binti, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta msiba. Yeftha alikuwa na bidii kwa Mungu, lakini bidii yake ilitangulia mbele na kumwacha mtoto nyuma.

Yairo naye alikuwa mtu wa dini. Lakini binti yake wa miaka 12 alipokuwa kufani, aliiacha heshima yake, akaanguka miguuni pa Yesu mbele ya umati, na kumsihi aje nyumbani kwake. Alivumilia kucheleweshwa njiani. Alipopata habari kwamba binti amekwisha kufa, aliendelea kutembea na Yesu. Na Yesu alipomwinua mtoto, jambo alilowaagiza ni dogo na la upole: apewe chakula. Bwana wa uzima alikumbuka kwamba msichana yule alikuwa na njaa.

Wako akina baba wanaomleta Mungu nyumbani kama Yeftha, kwa tamko ambalo wengine ndio watakaolilipa. Wako wanaomleta kama Yairo, kwa kwenda kumwomba na kurudi pamoja naye hadi kitandani pa mtoto. Wote wawili wanalitaja jina la Bwana. Binti anaijua tofauti.

Je, uliwahi kufanya uamuzi wa kidini juu ya mtoto wako bila kumsikiliza? Ungeufanyaje leo?

ALHAMISI
Siku ya Mechi

Soma Kutoka 20:8-11 na Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Amri ya Sabato inamtaja nani baada ya mwenye nyumba? Kumbukumbu la Torati inasema mafundisho yatolewe wakati gani?

Ratiba ya mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, inabandikwa ubaoni. Mechi ya kata itachezwa Jumamosi asubuhi. Binti mkubwa anaiona siku ya Jumatatu. Angeweza kuficha, na watoto wengi huficha. Lakini jioni ile, akichambua mboga, anamwambia baba yake, kwa sababu baba anajua nafasi yake katika timu ile na anajua itamgharimu nini kuikosa.

Baba angeweza kusema, "Jibu unalijua." Badala yake alisema, "Pole, mama. Hebu tusome pamoja." Wakafungua Kutoka 20. Amri ile inamtaja binti kwa namna ya pekee. Imemwekea mzazi wajibu juu yake, na imempa binti pumziko kama haki yake, ambayo mtu yeyote asimnyang'anye.

Kesho yake wakaenda wote wawili kwa mwalimu, na barua mkononi. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani, na mzazi Mwadventista anafanya vema kuomba mapema, kwa maandishi, na kwa adabu. Mwalimu aliwasikiliza kwa heshima. Lakini ratiba ilikuwa ya shule nyingi, nayo haikubadilika.

Ijumaa jioni, jua likikaribia kuzama, binti aliuliza: "Baba, kama mechi ingekuwa leo mchana, ungekuja?"

"Ningekuja. Si nimekuja zote?"

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi kesho twende kanisani."

Uaminifu haukuwa mwepisi. Sabato alasiri habari zilifika kwamba timu imeshinda bila yeye. Alilia nyuma ya jiko. Baba hakumhubiria. Aliketi karibu naye juu ya jiwe mpaka machozi yakaisha. Baadaye wakatembea pamoja na mdogo hadi kwenye ndiva, wakayatazama maji. Jumatano iliyofuata binti alirudi mazoezini, bila kujua kama fulana yake bado ni yake. Baba alikuwa amesimama kwenye mkaratusi.

Baba yule angeweza kuamuru tu, naye angetiiwa. Amri ya Mungu isingebadilika kwa vyovyote. Lakini binti angeishika Sabato ya baba yake. Kwa jinsi ilivyotokea, aliishika Sabato yake mwenyewe, na baba akiwa kando yake. Kumbukumbu la Torati linasema tufundishe tuketipo, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Zile Jumatano zote uwanjani zilikuwa sehemu ya kufundisha Sabato, ingawa hakuna aliyezihesabu hivyo.

Kama ungetakiwa kumwomba mtoto wako aache kitu anachokipenda kwa ajili ya Mungu, je, anajua kwamba wewe unakifahamu kitu hicho na unajua uzito wake kwake?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Malaki 4:5, 6. Agano la Kale linafungwa kwa ahadi ya Eliya na kazi yake katika familia. Zingatia utaratibu wa maneno: moyo wa baba unageuzwa kwanza kuwaelekea watoto, kisha moyo wa watoto unageuzwa kuwaelekea baba zao. Mara nyingi tunaomba kinyume chake. Tunamwomba Bwana awageuze vijana, nao vijana wanangoja kuona kama sisi tumegeuka.

Kanisa linaloitangazia dunia ujio wa Kristo limepewa kazi ya Eliya. Kazi hiyo ina mahubiri na mikutano ya hadhara. Ina pia mtu mzima anayeteremka kwenye migomba kuufuata mpira wa mtoto, kwa sababu huko ndiko moyo wa mtoto uliko siku ile. Ndivyo Baba yetu wa mbinguni alivyofanya. Hakutungoja tupande hadi kwake. Katika Kristo aliteremka hadi mahali tulipokuwa.

Maswali ya kujadili:

1. Tuseme yule binti angechagua kwenda kwenye mechi siku ya Sabato. Baba angefanya nini Jumatano iliyofuata? Linganisheni majibu yenu na Luka 15:20.

2. Katika kanisa lenu wako watoto ambao baba zao wamefariki, wanafanya kazi mbali, au hawaamini. Ni nani anayesimama "kwenye mkaratusi" kwa ajili yao? Watafuta Njia na idara nyingine zinaweza kusaidiaje?

3. Jadilini tofauti kati ya kumtia mtoto moyo katika mchezo na kuutafuta utukufu wa mzazi kupitia mtoto. Wafilipi 2:3, 4 inatusaidiaje?

4. Wazee wa kanisa na wazazi wafanye nini mwanzoni mwa mwaka wa shule, kabla ratiba za mitihani na michezo hazijapangwa, ili watoto wasibaki peke yao mbele ya uamuzi wa Sabato?

5. Rudini kwa Shalumu. Alikuwa na wilaya ya kutawala, na ukuta wa kujenga, na maadui waliokuwa wakidhihaki. Ni visingizio gani ambavyo angeweza kuvitoa, na ni vipi kati ya hivyo ambavyo ninyi mmevitumia juma hili?